Mikono haikutosha: Castiglione 1859 na ibara kumi za Mkataba wa Geneva

Mwishoni mwa Juni 1859, mji mdogo wa Castiglione delle Stiviere, huko Lombardia kaskazini mwa Italia, ulikuwa na karibu kila kitu ambacho majeruhi anakihitaji kwanza. Maji yalikuwepo, chakula kilikuwepo, na vitambaa vya kufungia vidonda vilikuwepo kwa sababu akina mama walikuwa wakichana mashuka na nguo zao za kitani. Bado watu walikufa kwa kiu na njaa, kiasi cha hatua chache kutoka bombani. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva aliyefika hapo kwa shughuli zake, aliliandika jambo hili bila kuzunguka miaka mitatu baadaye: maji na vyakula vipo, na majeruhi wanakufa kwa njaa na kiu, nyuzi za kitani zipo tele, ila mikono ya kuzifunga haitoshi.

Kisa kizima kimo katika maelezo hayo. Vita ya Solferino, iliyowaleta majeruhi hao mjini, husimuliwa zaidi kama kisa cha huruma, na huruma ilikuwepo kweli. Lakini Castiglione haikupungukiwa na huruma. Ilipungukiwa na madaktari, ikapungukiwa na usafiri, na zaidi ya yote ikakosa kanuni ya kumhakikishia daktari kwamba akibaki na wagonjwa wake hadi adui afike, hatafungwa. Ukizisoma ibara kumi za Mkataba wa Geneva wa tarehe 22 Agosti 1864, makubaliano ya mataifa ya kuwalinda majeruhi wa vita na wanaowatibu, huku mji huu uko akilini, utaona kwamba nyingi kati yake zinaziba tundu unaloweza kulionyesha kwa kidole. Na ipo ibara moja iliyozidisha kiraka.

Siku ya vita

Tarehe 24 Juni majeshi ya Ufaransa chini ya Napoleon III na ya Sardinia-Piemonte chini ya Vittorio Emanuele II yalikutana na jeshi la Austria la Franz Joseph huko Solferino, kwenye vilima vya kusini mwa Ziwa Garda. Hakuna aliyekuwa amepanga kupigana siku ile. Kila upande ulidhani mwenzake yuko mbali. Yaligongana alfajiri, katika mstari wa zaidi ya kilomita 15, na mapigano yakaendelea mpaka jioni, dhoruba ya mvua na upepo ilipowapa Waaustria nafasi ya kurudi nyuma kuelekea mto Mincio. Dunant anataja wapiganaji 300,000. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea, pande zote, walikaribia 40,000.

Mambo mawili ya siku hiyo yanaeleza hali ya waliofikishwa mjini. La kwanza ni tumbo tupu. Wafaransa wengi walikuwa wamekunywa kahawa tu asubuhi. Waaustria walipewa pombe kali mara mbili ya posho ya kawaida, bila chakula cha maana. Ongeza jua la Juni na kazi ya saa kumi na tano: mtu alikuwa amekaukiwa kabla hata hajapigwa. La pili ni silaha. Bunduki za wakati huo zilikuwa na mifuo ndani ya mtutu na zilirusha risasi nzito yenye ncha, ya madini laini, iliyotanuka ikigonga mwili. Mfupa wa paja haukutobolewa. Ulipasuka vipande vipande. Tiba iliyojulikana mwaka 1859 ilikuwa moja, kukata mguu, na mapema. Klorofomu ilikuwepo. Usafi wa upasuaji haukuwepo, kwani Joseph Lister alichapisha kazi yake kuhusu kuua vijidudu vya jeraha mwaka 1867. Zile nyuzi zilizochambuliwa kutoka nguo kuukuu na kusindikwa kidondani zilizuia damu, na mara nyingi zilipeleka uozo. Kwa hiyo kila saa iliyopotea kati ya risasi na meza ya daktari iliongeza vifo.

Mnyororo ulikatikia wapi

Kwa mpango wa jeshi la Ufaransa, majeruhi alitolewa mstari wa mbele kwa machela au kwa nyumbu aliyefungwa viti viwili, kimoja kila ubavu. Alipelekwa hospitali ya muda iliyokuwa nyuma kidogo ya mapigano, akafungwa jeraha au kukatwa kiungo, kisha akasafirishwa hadi hospitali za miji mikubwa. Hatua mbili za mwanzo zilifanya kazi, kwa shida. Ya tatu iliziba kama shingo ya chupa, na shingo yenyewe ilikuwa Castiglione, kwa kuwa njia ya kutoka medani kwenda Brescia ilipita hapo.

Mji wa watu takriban 5,000 ulipokea majeruhi wapatao 9,000 ndani ya siku tatu. Walilazwa makanisani, kwenye nyumba za watawa, kambini, nyumbani kwa watu, na nafasi ilipokwisha, barabarani juu ya majani makavu. Katika kanisa kuu, Chiesa Maggiore, walirundikana karibu 500, na wengine kama 100 walikuwa nje mbele ya mlango. Mikokoteni ya maksai iliyowapeleka wengine Brescia, umbali wa kilomita 30 hivi, haikuweza kuondoa kwa kasi ile ile ya walioingia. Madaktari wengi wa jeshi, nao, walikuwa wameamriwa kwenda Cavriana, kijiji kingine cha karibu.

Upungufu huo ulikuwa na sababu ya kiutawala ambayo wasimulizi wengi huiruka. Daktari wa jeshi la Ufaransa hakuwa na amri juu ya chochote isipokuwa kisu chake. Farasi, mikokoteni, mahema, dawa, hata wauguzi, vyote vilikuwa chini ya Intendance, yaani idara ya ugavi, ambayo hesabu zake zilitanguliza risasi, mkate na nyasi za farasi. Daktari aliyetaka mkokoteni aliandika maombi na kusubiri. Uingereza ilikuwa imeaibika kwa jambo la namna hiyo katika vita ya Krimea miaka michache kabla. Ufaransa ilikuwepo Krimea, ikaona, na haikubadilisha mfumo. Sheria ya kuanza kuwatoa matabibu chini ya idara hiyo ilipitishwa mwaka 1882.

Sababu ya pili ilikuwa ya kisheria, na hapa ndipo penye asili ya mkataba. Daktari wa jeshi alihesabiwa kuwa askari kama wengine. Akikamatwa, ni mateka. Kwa hiyo jeshi liliporudi nyuma lilirudi na madaktari wake, na majeruhi wasioweza kutembea wakaachwa kwa adui ambaye hana madaktari wa kuwatosha wake mwenyewe. Waaustria walioachwa Solferino walikutwa na hilo hasa. Madaktari wao wachache walionaswa waliwekwa pamoja na mateka, wakati mita chache tu kutoka hapo watu waliozungumza lugha yao walikuwa wakivuja damu.

Hata bendera hazikusaidia. Austria iliweka bendera nyeupe juu ya hospitali zake, Ufaransa nyekundu, Hispania njano. Mpiga mizinga aliye umbali wa kilomita mbili, katika moshi, alitakiwa akumbuke rangi za kila taifa. Na bendera nyeupe, bila shaka, ilikuwa pia na maana yake nyingine ya zamani.

Kuna tukio moja dogo ambalo mwanasheria anapaswa kulisoma mara mbili. Siku moja baada ya vita, kikosi cha askari wa farasi waliokuwa wakisindikiza mateka kilionekana kikikaribia Castiglione, na wakulima wakadhani Waaustria wamerudi. Mji ukataharuki. Milango ilikomewa, bendera za rangi tatu zikashushwa madirishani na kuchomwa, wengine wakakimbilia mashambani. Waliobaki walitoka upesi barabarani, wakawachukua majeruhi wa Kiaustria wa kwanza waliowaona na kuwaingiza ndani, wakawahudumia kwa upole wa ghafla. Walijua bila kufundishwa kwamba majeruhi wa adui sebuleni ni ngao. Miaka mitano baadaye ujanja huo uliandikwa kuwa sheria.

Alichofanya Dunant, hatua kwa hatua

Dunant alikuwa na miaka 31. Alikuwa akimfuatilia Napoleon III kwa ajili ya kampuni yake ya vinu huko Mons-Djémila, Algeria, iliyohitaji ardhi na maji. Hakuwa daktari, hakuwa na cheo. Ndiyo maana alichokifanya kina thamani ya kuchunguzwa: ni kipimo cha kazi ambayo mtu asiye na utaalamu anaweza kuifanya akipangiwa vizuri.

Jumapili asubuhi, tarehe 26, alikusanya wanawake wa mji na kuanza nao. Mpangilio ulikuwa huu: maji ya kunywa kwanza, kisha mchuzi, kisha kuosha jeraha, kisha kulifunga upya. Vijana wa mtaani walipewa ndoo na vibuyu vya maji, kazi yao kwenda na kurudi bombani tu. Wasafiri wachache waliokuwa wanapita waliingizwa kazini. Dereva wa gari lake la farasi alitumwa Brescia na kurudi na chamomile, machungwa, malimau, sukari, mashati, sponji, bendeji, pini, sigara na tumbaku. Tumbaku si anasa katika orodha hiyo; harufu ya vidonda vilivyooza kanisani ilikuwa haivumiliki, na mvutaji aliweza kuikabili. Kwa wanaokata roho, Dunant aliandika majina na ujumbe kwa wazazi wao.

Mle kanisani walikuwemo Wafaransa, Wajerumani, Waslavi, na askari wa Kiarabu kutoka Algeria. Wanawake walipoona Dunant habagui, nao hawakubagua. Msemo wao, *tutti fratelli*, sote ni ndugu, ndio uliobaki. Kwa maoni yetu msemo huo umefunika jambo la maana zaidi alilolifanya. Tarehe 28 alikwenda kijiji cha Borghetto kumwona MacMahon, jemadari wa Ufaransa, akaomba madaktari wa Kiaustria waliotekwa waachiliwe wakawahudumie majeruhi. Ombi likafika kwa Napoleon III, na mwanzoni mwa Julai amri ikatoka: madaktari wa adui waliokamatwa wakihudumia majeruhi waachiwe bila masharti wakiomba. Kwa idadi ya watu waliofaidika, karatasi hiyo moja ilizidi bendeji zote zilizofungwa Castiglione.

Kutoka kijitabu hadi meza ya mkataba

Novemba 1862 Dunant alichapa kwa gharama yake nakala 1,600 za *Un Souvenir de Solférino* (Kumbukumbu ya Solferino), akazigawa kwa wafalme, majemadari na madaktari. Mwishoni aliweka mapendekezo mawili: vyama vya misaada viundwe wakati wa amani, na mataifa yakubaliane kanuni ya kuvilinda.

Hakuwa peke yake. Ferdinando Palasciano, daktari wa upasuaji wa Napoli, alidai mwaka 1861 kwamba majeruhi wahesabiwe kuwa nje ya vita. Mwaka huo huo Henri Arrault, mfamasia wa Paris, aliandika akitaka madaktari wasikamatwe. Kabla ya hapo, kwa zaidi ya karne moja, majemadari walikuwa wakiandikiana mapatano ya kuacha hospitali. Lakini yalikufa pamoja na vita iliyoyazaa. Naye Florence Nightingale alipinga wazo la vyama. Alisema vingezipunguzia serikali mzigo ulio wao, na kufanya vita iwe rahisi kuanzishwa. Hoja hiyo haijawahi kujibiwa kikamilifu.

Tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana Geneva: Jenerali Guillaume-Henri Dufour, mwanasheria Gustave Moynier, madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir, na Dunant akiwa katibu. Oktoba walikusanya wajumbe 36, wakakubaliana vyama viundwe na wahudumu wavae kitambaa cheupe chenye msalaba mwekundu mkononi. Ulinzi wa madaktari na majeruhi ulibaki kuwa ombi tu, na hata kufika hapo ulisukumwa na Dunant pamoja na daktari wa jeshi la Uholanzi, Basting, waliousambaza kwa waraka Berlin mwezi Septemba bila kuwauliza wenzao wa Geneva. Moynier aliona wamedai yasiyowezekana. Mwaka uliofuata mkutano wa kidiplomasia ulikaa kuanzia tarehe 8 hadi 22 Agosti, mataifa 16 yakahudhuria, 12 yakatia saini, na lile lisilowezekana ndilo lililokuwa kiini cha mkataba.

Ibara na matundu yake

Ibara ya 1 na ya 2 zilitangaza kwamba hospitali za kijeshi, madaktari, wauguzi, wasafirishaji na makasisi hawaegemei upande maadamu kuna majeruhi wa kuokota au kutibu. Angalia kwamba watumishi wa ugavi nao wametajwa kwa jina. Waandishi walijua mikokoteni iko mikononi mwa nani. Ibara ya 3 ni ile amri ya Julai 1859 iliyogeuzwa kuwa kanuni: daktari anaweza kubaki kazini hata adui akishaingia, na akimaliza asindikizwe hadi mstari wa upande wake. Ibara ya 4 ilitofautisha hospitali ya kudumu, ambayo vifaa vyake viliweza kutwaliwa, na ile ya muda ya medani inayobaki na vyake.

Ibara ya 6 ndiyo fupi na nzito: majeruhi na wagonjwa waokotwe na kutibiwa, wa taifa lolote. Iliruhusu pia kuwarudisha majeruhi upande wao papo hapo kwa makubaliano, na ikaagiza waliopona lakini hawafai tena kwa vita warudishwe kwao. Ibara ya 7 ilimaliza fujo ya rangi kwa bendera moja na kitambaa kimoja, msalaba mwekundu juu ya nyeupe. Iliamuru pia bendera ya taifa iambatane nayo, na kwamba vitambaa vigawiwe na wakuu wa jeshi. Fungu hili la mwisho ndilo lililoangusha Ufaransa mwaka 1870: ilikuwa imetia saini, lakini wengi wa wahudumu wake waliingia vitani bila vitambaa na maofisa wake bila kuujua mkataba. Nembo, kwa njia, ilidhaniwa haina dini. Milki ya Osmani, iliyokuwa imejiunga, ilitangaza mwaka 1876 kwamba itatumia hilali nyekundu badala yake.

Dalili ya kwanza kwamba ibara ya 3 ilikuwa na uzito ilitoka kwa nchi isiyoitaka. Austria ilikataa kujiunga. Tarehe 3 Julai 1866 ilishindwa na Prussia huko Königgrätz, na madaktari wake, bila ulinzi wowote wa kisheria, wakarudi nyuma na jeshi na kuacha majeruhi. Ilikuwa Solferino tena, safari hii dawa ikiwa rafuni. Austria ilijiunga mwezi huo huo.

Kuna yaliyosahauliwa. Mkataba haukusema neno juu ya vita ya baharini, wala adhabu kwa mvunjaji. Lililo la ajabu zaidi, haukuvitaja vyama vya kujitolea, ingawa vilikuwa chanzo cha mkutano wote. Serikali, Ufaransa hasa, hazikutaka raia wenye hati ya kimataifa katikati ya majeshi yao.

Na ibara ya 5. Iliahidi kwamba raia wanaosaidia majeruhi wataheshimiwa na kubaki huru. Hiyo ni haki. Kisha ikaongeza kwamba nyumba yenye majeruhi mmoja inalindwa, na mwenye nyumba asamehewe kulaza askari pamoja na sehemu ya kodi za vita. Wakulima wa Castiglione siku ya taharuki wangeielewa mara moja. Katika vita ya Ufaransa na Prussia ya 1870 na 1871 nyumba nyingi zilipandisha bendera ya msalaba mwekundu, nyingine kwa ajili ya mgonjwa mwenye mchubuko, nyingine bila mgonjwa kabisa. Madhara yake yalikuwa mawili. Makamanda waliacha kuiamini bendera, na majeruhi mmoja mmoja waling'ang'aniwa kwenye nyumba zisizo na daktari badala ya kukusanywa mahali pa kutibiwa. Kosa la watunzi lilikuwa kuchukua wema wa mji mmoja, uliotolewa bure, na kuuwekea malipo.

Mkataba ulipoandikwa upya mwaka 1906 ulifikia ibara 33. Vyama vya kujitolea viliingia kwa mara ya kwanza, kwa sharti viidhinishwe na serikali na viwe chini ya sheria za jeshi. Ibara ya 5 ilipunguzwa: sasa kamanda *anaweza* kuwaomba wakazi wasaidie, chini ya usimamizi wake, na kuwapa ulinzi maalumu wakiitikia. Msamaha wa nyumba ukatoweka. Marekebisho hayo yalitibu udanganyifu, lakini yaliwaacha nje wale wanaoanza kusaidia bila kuombwa na yeyote, kama walivyofanya akina mama wa Chiesa Maggiore.

Pengo hilo lilizibwa na ibara ya 18 ya Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, ambao nchi zote za Afrika Mashariki zimejiunga nao. Inawataka wakuu wa jeshi wawaruhusu wakazi na vyama vya misaada kuwaokota na kuwatunza majeruhi kwa hiari yao, hata katika maeneo yaliyovamiwa, na inakataza mtu yeyote kusumbuliwa au kuhukumiwa kwa sababu ya kumuuguza majeruhi. Juu ya kodi na kulaza askari, haisemi kitu.